Mate ya Fundi

Fundi cherehani akijichoma sindano na tone la damu likaangukia kitambaa cheupe, hakimbilii sabuni. Hutia mate kidogo kwenye ncha ya kidole, akasugua taratibu, na doa likatoka. Lazima yawe mate yake mwenyewe, kwa damu yake mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa siku yangu ya pili kazini, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, na kwa miaka hamsini mate yangu hayakuwahi kuniangusha. Siku yaliponiangusha ndiyo hiyo ninayotaka kuieleza. Mpaka leo nikiikumbuka uso hupata moto.

Chumba chetu cha kazi ndicho chumba cha mbele cha nyumba. Kina dirisha pana, meza ya kukatia, na cherehani mbili zilizopeana mgongo. Ya kukanyaga ni yangu. Ya umeme ni ya mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Mwanangu ni fundi umeme, anashinda juu ya ngazi katika nyumba za watu, kwa hiyo mchana kutwa tunakuwa wawili tu. Tunashona makoti meupe ya wauguzi na ya watu wa maabara. Mkamwana anapima, anakata na kuunga. Mimi namalizia pindo, vifungo na matundu ya vifungo, yote kwa mkono. Tundu la kifungo langu, nasema bila kujisifu sana, halifumuki mpaka koti lenyewe lichakae.

Lakini macho yakaanza kuingia ukungu. Kwanza nilidhani ni miwani imechafuka, nikawa naifuta kila mara. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na dawa yake ni kupasuliwa. Ikafika mahali siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Wajukuu zangu pacha, wasichana wa miaka minane ambao nyumbani tunawaita Wa Kwanza na Wa Pili, wakachukua kazi hiyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule walinitungia sindano kumi, wakazichomeka kwenye mto mdogo kando ya cherehani yangu. Hakuna aliyewaagiza. Sindano ya kumi ikiisha uzi nilikaa na mikono mapajani kungoja warudi. Bila macho sina kazi, na bila kazi sijui ningekuwa mtu wa namna gani.

Daktari wa macho huja hospitali yetu mara moja kila baada ya miezi mitatu. Hampasui mgonjwa ambaye sukari yake iko juu, maana kidonda huchelewa kupona. Na mimi nina ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tisa. Kabla hajaja tunapimwa damu kwa kile kipimo kinachoeleza sukari ilivyokwenda miezi mitatu iliyopita, kipimo ambacho huwezi kukidanganya kwa kushinda njaa siku moja. Yeye alitaka nane. Yangu ilisoma kumi na moja, nikarudishwa. Miezi mitatu baadaye ikasoma kumi na moja na nusu, nikarudishwa tena, na safari hii muuguzi wa kliniki ya sukari akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba nikishindwa mara ya tatu nafasi yangu apewe mwingine.

"Bibi, vidonge unameza?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vyote?"

Nikaitikia tena.

"Sasa hii sukari inatoka wapi? Inanyesha?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka kidogo. Muuguzi akamgeukia mkamwana wangu. "Wewe ndiye unayepika?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi mpikie kama mgonjwa, usimpikie kama mgeni. Mnawadekeza wazee kwa vijiko vya sukari, halafu mnakuja kutuangalia sisi usoni."

"Sawa, dada," mkamwana akasema. "Nitarekebisha."

Hakuwa na cha kurekebisha. Alikuwa anapima unga wa uji wangu kwa kikombe kilekile kila siku, na mboga zangu alizipika kwenye sufuria ya peke yake. Mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Nilikuwa nimeshika pembe ya mtandio mdomoni, nikanyamaza.

Yule muuguzi si mtu mbaya. Tulipotoka alinishika kiwiko tukashuka ngazi zote tano, na foleni ikimsubiri. Alikuwa amenikagua miguu kidole kwa kidole, amenipima presha, amenimulika macho. Mahali pekee ambapo hakuangalia ni mdomoni, na mimi ndiye niliyekuwa nimepafunika.

Mambo ya mdomo wangu yalianza kama miaka miwili nyuma. Asubuhi moja nilipiga mswaki, nikatema, povu likawa jekundu. Nikadhani mswaki ndio unaonichuna, nikauacha. Nikawa nasukutua kwa maji ya chumvi na kupitisha kidole. Damu haikukoma. Fizi zikavimba, zikawa laini kama mkate uliolowa, zikaanza kuachana na meno. Ya mbele ya chini yakawa yanacheza nikiyagusa kwa ulimi. Kisha ikaja harufu. Harufu yako mwenyewe huisikii kwa pua, unaisoma kwenye nyuso za watu. Nikiwasimulia pacha hadithi, Wa Pili akawa anageukia ukutani.

"Mbona unanipa kisogo?" nikamuuliza siku moja.

"Nasikia vizuri nikiangalia ukuta, Bibi."

Miaka minane, na alikuwa ameshajua kunistahi. Nikaacha kusimulia hadithi, nikasingizia koo.

Ningekwenda kwa daktari wa meno wiki ileile kama si Mfuniko.

Mfuniko ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi wa kweli, mama wa makamo, mpole, mikono yake haikujua kukosea. Mdomo wake ulinuka, na alipozungumza aliuziba kwa kiganja. Wateja wakawa hawataki awapime kifua. Walikuwa wakisema, "Tunamngoja yule binti." Yule binti ni mimi. Na jina la Mfuniko nilimbandika mimi, mchana mmoja wa kazi kidogo, ili wenzangu wacheke. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina likazunguka mtaa mzima, likamfikia mwenyewe. Hakuuliza nani kalitoa, ingawa nadhani alijua. Aliendelea kunifundisha matundu ya vifungo, akigeuza uso pembeni kila alipotaka kusema neno.

Alikuwa anakunywa maji mtungi mzima kwa siku, anainuka kwenda chooni kila mara, na mwili ukampukutika. Sisi tukasema ni utu uzima. Hakuwahi kupimwa, kwa hiyo siwezi kusema alikuwa na nini.

Basi nilijua vizuri watu husema nini juu ya mwanamke wa namna hiyo, maana nilikuwa nimeyasema mimi. Nikatafuta mfuniko wangu mwenyewe, na fundi anao tayari, nao ni pini. Ukibana pini nne mdomoni hakuna anayekutazamia useme. Nilizibana tangu asubuhi. Mteja akiingia nilimsalimu kwa nyusi. Kupima nilimwachia mkamwana, nikasema macho hayaoni namba za futi ya kupimia, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Kula ndiko kulikonishinda. Maharage, mboga za majani, karanga, nyama, vyote alivyoambiwa anipe, vilitaka meno. Nikitafuna, jino lilizama kama mguu kwenye tope. Nikawa nangoja mkamwana ageuke, nawahamishia pacha chakula changu kwenye sahani zao, halafu nachovya mkate mweupe kwenye chai, vipande vitatu, siku nyingine vinne, nameza bila kutafuna. Nilijiambia mkate si sukari.

Tuliporudi kutoka kliniki siku ile ya kalamu nyekundu, mkamwana hakupandisha sauti. Alichukua kopo la sukari, akalitia kwenye sanduku la chuma tunaloweka vifungo vya akiba, akafunga kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni kwa utepe.

"Kuanzia leo," akasema, "nyumba hii hainywi sukari. Wote. Asije mtu akasema Mama ametengwa."

Kesho yake asubuhi Wa Kwanza akaonja chai, akaweka kikombe chini. "Mama, hii chai imefiwa?"

Baba yake alicheka mpaka akakohoa, kisha akaimaliza yote, na yeye ndiye mtu wa vijiko vitatu. Nilichovya mkate wangu nikatazama mezani. Watu wanne wanakunywa chai isiyo na sukari kwa ajili yangu, na mimi nimebana midomo.

Wiki tatu baadaye tukapita duka la dawa, nikachomwa kidole, sukari ilikuwa palepale. Mwanangu alirudi kazini amechoka. Alipoambiwa alikunja uso.

"Mama Pacha, unampa nini mama yangu?"

"Nampa nilichoambiwa nimpe."

"Basi inatoka wapi?"

"Sijui, baba."

"Hujui, na jiko ni lako."

Mkamwana alikusanya sahani, akaenda kuosha vyombo, akafungulia maji kwa nguvu. Nilimwona kutoka nilipokaa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na yale maji yalikuwa ya kutuziba masikio.

Hapo ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na neno lenyewe kwenye ulimi. Badala yake nikasema, "Mwanangu, mwache mwenzio. Ni mimi. Huwa nalamba sukari."

"Unalamba?"

"Kwa kidole."

"Mama, na utu uzima wote huu?"

"Ndiyo hivyo."

Niliona afadhali niitwe mdokozi kuliko kufungua mdomo. Nilidhani pia nimemwokoa mkamwana, na nikajipongeza kidogo moyoni, hilo nalo nalionea haya. Alitokea mlangoni mikono inachuruzika maji. Vidole vyake vikagusa utepe wa shingoni, vikauachia.

"Basi yamekwisha," akamwambia mumewe. "Mwache Mama apumzike."

Siku nne baada ya hapo ndiyo siku ya koti. Lilikuwa la binti wa maabara aliyekuwa anamaliza mafunzo, la kuvaliwa kesho yake mbele ya wazazi. Nilikuwa kwenye tundu la mwisho, juu kabisa, karibu na kola. Kwa ukungu ule wa macho sindano ikapita kitambaa ikaingia kidoleni. Tone moja. Sikushtuka. Nikatoa pini mdomoni, nikatia mate kwenye ncha ya kidole kingine, nikasugua.

Doa halikutoka. Lilitanuka. Nikaongeza mate, nikasugua tena, likawa pana kama kifungo, kisha pana kama kikombe, rangi ya waridi iliyofifia. Nikaongeza tena. Kadiri nilivyosugua ndivyo lilivyokua, mpaka nikalisogeza koti karibu na dirisha, nikatia mate kiganjani kwanza ili niyaone. Yalikuwa mekundu. Nilikuwa nafuta damu kwa damu.

"Mama, lete," mkamwana akasema nyuma yangu.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Akalichukua koti, akalitia kwenye beseni la maji baridi. Akaenda kufunga mlango wa barabarani na komeo. Kisha akavuta kigoda akaketi mbele yangu, chini kuliko mimi. Nilikuwa nimesharudisha pini zangu mdomoni.

"Mama, wewe hukulamba sukari."

Nikasema kwa kona ya mdomo, "Nililamba."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole."

"Sanduku lina kufuli. Ufunguo huu siuvui hata nikioga. Sasa labda kidole chako kinapenya chuma."

Nilikaribia kucheka, nikaziba mdomo kwa kiganja. Nilipohisi kiganja changu pale juu ya midomo nilijua nimekiona wapi, na kicheko kikafa.

"Kama ulijua, mbona hukusema mbele ya mume wako?" nikamuuliza.

"Ningekuitaje mwongo mbele ya mwanao?"

Macho yangu yakaangukia kikopo kidogo cha karafuu kilichokuwa kando ya cherehani yangu. Alikiweka yeye, miezi mingi nyuma. Alisema ni za kufukuza wadudu wa nguo, na kwamba nikipenda nimumunye moja moja, zinaburudisha. Nilikuwa nazimumunya kila siku. Nikatazama kikopo, nikamtazama yeye.

"Wadudu wa nguo," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mama. Mke wa mtoto anaanzaje kumwambia mama mkwe neno kama hilo? Nimejua tangu mwaka jana. Nilimfundisha Wa Pili aangalie ukuta, asije akakunja pua mbele yako ukaumia. Nikadhani nakusitiri. Nilipofokewa kule kliniki nikasema moyoni, haya, ndiyo malipo ya kunyamaza kwangu."

Alikuwa anajilaumu yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi yote ile tulikuwa tumekaa na cherehani zetu zikipeana mgongo, kila mmoja akiilinda heshima ya mwenzake.

"Fungua, Mama."

"Acha tu, mwanangu."

"Fungua."

Nilizitoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye mto wa sindano. Nne. Sikubaki na hata moja. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, halafu nikafumbua macho, kwa sababu nilitaka kuona uso wake utafanya nini. Nilikuwa namchunguza kwa jambo hilo moja. Hakuziba pua. Hakurudi nyuma hata kidogo. Alininyanyua kidevu kuelekea dirishani, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasukuma mdomo wa chini kwa kidole chake kisafi.

"Pole, Mama," akasema taratibu, kama anavyosema na pacha wakijikwaa. "Pole sana. Na ulikuwa unakula vipi?"

Kwa daktari wa meno tulikwenda kesho yake, baada ya kumkabidhi yule binti koti lake. Mkamwana alikuwa amekata kipande kipya cha mbele, akakiunga, akashona na matundu kwa mkono wake mwenyewe. Hakulala mapema, najua, ingawa aliniambia doa limetoka.

Daktari wa meno alikuwa mwanamume mnene mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Hakuangalia hata dakika moja akaniuliza, "Bibi, sukari yako inasomaje?"

"Nani kakuambia nina sukari?"

"Fizi zako. Wasengenyaji wakubwa hawa."

Akavuta kiti akatueleza, tena kwa kumtazama mkamwana na mimi sawasawa. Alisema ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa fizi hupeana nguvu. Sukari ikikaa juu, mwili hupigana vibaya na vijidudu, na fizi huwa mahali pepesi pa kushambuliwa. Fizi nazo zikivimba na kutunga usaha, mwili unakuwa vitani mchana na usiku, na mwili ulio vitani hauitii vizuri dawa ya sukari. Hii inapandisha ile, ile inazidisha hii.

"Hapa mdomoni una kidonda, Bibi. Ukizikusanya fizi zote hizi zilizovimba, ukazitandaza, unapata kidonda cha ukubwa wa kiganja. Kingekuwa mguuni ungekificha miaka miwili?"

Nikakitazama kiganja changu.

"Lakini sitakudanganya," akaendelea. "Kusafisha fizi peke yake hakutashusha yote. Kutakusaidia kiasi. Kingine ni vidonge na chakula. Unakula nini?"

Ilinibidi niseme habari ya mkate, na ya sahani za pacha, na mkamwana amekaa pale pale.

Alinigeukia polepole. "Kumbe ndiyo maana kina Wa Kwanza wamenenepa. Nami nasema shule imewakubali."

Daktari alicheka. Mimi nilicheka pia, mdomo wazi, kabla sijakumbuka.

Akaning'oa meno manne ya mbele ya chini, yaliyokuwa yananing'inia tu. Yaliyobaki aliyasafisha kwa siku nne tofauti, akikwangua ukoga mpaka chini ya fizi, upande mmoja kila mara, na kila mara aliniuliza kama naumia kabla sijaumia. Akanipa mswaki wa nyuzi laini, akanishika mkono kunionyesha namna ya kuusogeza. "Ukiona damu usiuache mswaki," akasema. "Damu ndiyo inayouita." Nilifikiria miaka miwili ya kidole na maji ya chumvi.

Kwa mwanangu nilisema mwenyewe, jioni ya siku ya kwanza, pamba ikiwa bado mdomoni. Nilimwambia sukari sikulamba, nilisema uongo ili nisionyeshe mdomo, na mke wake hakuwa na kosa lolote. Alinisikiliza amesimama, mfuko wa vifaa bado begani.

"Mama, umejisingizia wizi?"

"Nimejisingizia."

Aliweka mfuko chini. Hakumwambia mkewe kitu mbele yangu. Lakini baada ya kula alizikusanya sahani zote yeye, akaosha vyombo peke yake, na maji aliyafungulia kidogo tu. Aliosha kila siku wiki ile.

Mkamwana akaanza kunipikia upya. Maharage aliyaponda, mboga alizikatakata kama anakata mabaki ya vitambaa, nyama aliisaga. Mkate ukapungua mpaka kipande kimoja. Kufuli la sanduku alilitoa, na kwenye ule utepe wa ufunguo akafunga mkasi mdogo, akanivisha mimi. Maisha yangu yote nilikuwa nakata uzi kwa meno.

Miezi mitatu ikatimia. Siku ya kliniki nilikaa kwenye benchi lilelile, mtandio mdomoni kwa mazoea. Muuguzi akatoka na karatasi yangu.

"Nane na nukta moja," akasema. "Ngoja nimpigie simu daktari wa macho."

Aliingia ndani. Mkamwana alinishika mkono, na wake ulikuwa na baridi kuliko wangu. Muuguzi aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Amekubali. Jumatano asubuhi, usile kitu." Kisha akamgeukia mkamwana, tena kwa sauti ya kusikika na benchi zima, kwa wema kabisa. "Hongera, Mama Pacha. Umeona? Ulipoacha kumpa sukari imeshuka yenyewe."

Mkamwana akasema, "Asante, dada."

Angeliacha hivyo. Angekwenda na kosa lisilo lake mpaka nyumbani na asingelitaja tena. Na mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitaka. Jumatano yangu ilikuwa imeandikwa. Kwenye benchi kulikuwa na watu kama kumi na watano.

Nikauteremsha mtandio.

"Dada," nikasema, "huyu hakuwahi kunipa sukari. Hata kijiko. Yeye na mumewe na watoto wake wamekunywa chai isiyo na sukari kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeoza fizi, nikaficha. Nilikuacha umfokee na mimi najua."

Sauti yangu ilipita kwenye pengo la meno manne, ikatoka na upepo. Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Fizi?" muuguzi akauliza.

Nikafungua mdomo, pale pale, mchana kweupe. Akainama akaangalia. Nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zikaniingia, na sioni haya kusema kwamba niliona haya.

Alipoinuka alimwambia mkamwana, "Nisamehe, mama." Siyo kwa sauti kubwa, lakini alisema. Halafu akachukua faili ya mgonjwa aliyefuata, mzee wa kofia ya sufi aliyekuwa amekaa kando yangu. Akamkagua miguu, akampima presha. Akasita.

"Mzee, na mdomo nao tuuone."

Mkono wa yule mzee ukapanda haraka, ukaziba midomo. Nilitazama pembeni ili asidhani namwangalia.

Jicho la kulia lilipasuliwa Jumatano ile, la kushoto miezi mitatu baadaye. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kurudi kazini nilitunga sindano zote kumi mwenyewe. Pacha walinuna, wakasema nimewanyang'anya kazi. Nikatoa uzi kwenye mbili, nikawapa wazitunge upya.

Walipokwenda shule nilishona tundu moja la kifungo kwenye kipande cha kitambaa, la kujaribu macho. Nikalisogeza dirishani, nikaligeuza upande wa nyuma. Kila mshono umekaa ulivyofundishwa kukaa, na hakuna hata mmoja niliobuni mimi. Mkamwana alikuwa ametoka kununua uzi. Nikakata kwa mkasi, nikazitoa pini mdomoni, na nikalitaja jina la kweli la yule mama aliyenifundisha, lile alilopewa na wazazi wake kabla sijampa la kwangu. Nililitaja mara mbili, maana mara ya kwanza upepo wa pengo ulilimeza.